Boriti Zilizongoja Kaskazi: Kisa cha Dalali wa Bandari ya Kale, Mombasa, 1973–1979

Kisa hiki nimekipata kwa mpwa wa mwenyewe, ambaye leo ni mzee, na kwa daftari mbili za jalada jeusi alizoniachia nizisome ukumbini mwake alasiri kadhaa. Majina nimeyaacha yote. Mtaa siutaji, na hesabu za mali nimezizungusha ili jamaa wasitambulikane. Mwenye biashara nitamwita Dalali, maana hata watoto wa mtaani walimwita hivyo. Huyo mwingine nitamwita Mpwa.

Nimekitumia mara nyingi kufundishia vijana wanaoanza biashara. Karibu wote humlaumu Dalali kwa jambo moja: kwamba alifanya kazi kwa kuaminiana, bila mkataba wala wakili. Mimi naona hapo ndipo alipokuwa imara. Makosa anayo, tena makubwa, lakini yako mahali pengine.

## Bandari mbili, kisiwa kimoja

Mombasa ya miaka ya sabini ilikuwa na bandari mbili, na mtu angeweza kuishi na moja bila kuijali ya pili. Magharibi ya kisiwa ni Kilindini, penye meli za chuma, winchi na reli. Mashariki, jirani na Ngome ya Yesu, ni Bandari ya Kale, walikotia nanga manahodha wa Ghuba, Oman, Hadhramaut na pwani ya Iran. Walikuja na kaskazi, upepo unaoshika Novemba au Desemba, wakarudi kwao na kusi kuanzia Aprili, kabla bahari haijachafuka. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, baadhi ya vyombo vilivyokuwa vikienda Unguja vilihamia Mombasa, na babake Dalali alifaidika na hilo.

Walileta tende katika makanda, papa mkavu, chumvi na mazulia. Walichokitaka zaidi cha kurudi nacho kilikuwa boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa visiwani na kwenye hori za Lamu. Ghuba haina miti ya kujengea, na mti wa mkoko hauliwi na mchwa kwa urahisi. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Ukiingia nyumba ya kale ya Lamu, au ya mji wa zamani kule Ghuba, utaona vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu dari haikuweza kwenda mbali kuliko mti. Miti hupangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti hadi nguzo, na huuzwa kwa korija. Korija moja ni miti 20.

Vyombo vingine vilipakia Lamu kwenyewe. Dalali aliwahudumia manahodha waliotaka kuuza Mombasa na kupakia Mombasa. Chombo kikionekana mlangoni mwa bandari, yeye yumo mashuani. Anamdhamini nahodha forodhani, anampa masurufu ya mabaharia, anamtafutia mnunuzi wa tende, kisha anamwuzia boriti kutoka yadi yake. Nahodha asiyetaka kulala na fedha chomboni humwekea amana. Sehemu kubwa ilikwenda kwa mali kauli: chukua sasa, utalipa kaskazi ijayo. Kila deni lina mstari wake daftarini, na likilipwa mstari unakatwa kwa wino mwekundu.

Kuhesabu kulifanywa mbele ya pande zote mbili. Mahamali wanapita na miti begani, mtu mmoja anaimba hesabu kwa sauti, mosi, pili, tatu, na kila akifika 20 karani wa nahodha anatia kokwa ya tende kwenye kopo la samli. Mwisho wa siku kokwa zinamwagwa juu ya mkeka na kuhesabiwa mara ya pili. Mpwa aliianza kazi kwa kulinda kopo hilo asilisogelee mtu. Alikuwa na miaka 11, na anasema mpaka leo akila tende hutupa kokwa mbali, asije akajikuta anahesabu.

## Kaskazi ya fedha nyingi

Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na bei ya mafuta, iliyokuwa kama dola 3 kwa pipa, ilipita dola 11 kufikia Januari 1974. Mombasa ililisikia hilo kwenye mafuta ya taa na kwenye nauli ya basi. Dalali alilisikia kwa namna nyingine. Manahodha waliofika mwanzoni mwa 1974 walinunua bila kuvutana. Bei ya korija aliyozoea kuitetea mpaka kahawa ikapoa sasa ilikubaliwa kabla dele halijazunguka mara ya pili. Mmoja alilipa deni lake lote la mwaka uliopita na kuongeza zulia dogo kama tunu.

Kusi kilipoanza, yadi yake ilikuwa tupu. Hilo halijawahi kutokea tangu zama za babake.

Akaamua kupanua. Alikodi kiwanja cha pili, akapeleka arbuni, yaani malipo ya awali, Lamu kwa makundi matatu ya wakata boriti badala ya moja, na akaagiza unene wa boriti hasa, aina iliyopendwa Ghuba, akiacha pau na fito. Fedha alizipata kwa njia mbili. Alikopa kwa jamaa yake mwenye duka la vitambaa, na akaweka rehani dhahabu ya mkewe. Hoja yake, kama Mpwa anavyoikumbuka, ilikuwa fupi: Waarabu wamepata mali, mwenye mali hujenga, na anayejenga hutaka boriti.

Hoja hii si ya kipumbavu. Wanafunzi wangu wakiicheka, mimi huwauliza wao wangefanya nini na yadi tupu na wateja wasiojadili bei. Hunyamaza.

## Kilichosemwa jikoni

Mkewe alikuwa na habari ambazo yeye hakuwa nazo. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Oman mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya huko waliokuwa wakiishi Zanzibar na pwani yetu walianza kuhamia Maskati, na baadhi yao walikuwa jamaa wa karibu wa bibi huyu. Barua zilikuja, na pamoja na barua vitambaa na picha. Picha mojawapo, ambayo bado iko kwenye kabati la familia, inaonyesha shangazi mmoja amesimama mbele ya nyumba mpya. Ukuta ni wa simiti. Nondo zimechomoza juu ya dari, zikingoja ghorofa ya pili.

Siku dhahabu ilipotolewa kabatini alimwambia, "Bwana, wenzetu wajenga kwa simiti na vyuma. Hiyo miti wataiweka wapi?"

Dalali alijibu kwamba Maskati si Ghuba yote, na kwamba wanawake huandikiana kuhusu nyumba za wenye vyeo tu. Jibu lenyewe halikuwa baya sana, maana kweli si kila mtu alikuwa akijenga hivyo. Lakini hakumwuliza hata nahodha mmoja. Msimu ulikuwa bado haujafungwa, vyombo viwili vilikuwa vingali bandarini vikikalafatiwa, yaani vikizibwa nyufa, na kupakwa mafuta ya sifa na shahamu, mji mzima unanuka mafuta ya papa, na manahodha wake walikuwa wakinywa kahawa barazani pake kila jioni.

## Vyombo vichache, mabaharia wazee

Kaskazi ya 1974–75 ilileta vyombo vichache. Dalali aliona ni jambo la upepo. Mpwa, ambaye sasa alikuwa kijana na ndiye aliyetangulia mashuani, aliona kitu kingine: mabaharia walikuwa wazee. Vijana wa miaka iliyopita, waliopiga ngoma usiku kucha na kununua khanga za kupelekea mama zao, hawakurudi. Chombo kimoja kilikuja na mashine na watu wachache kuliko desturi. Nahodha wake alieleza bila kuona haya. Baharia hulipwa fungu lake safari ikiisha, na safari ikiharibika fungu huharibika nayo. Bandari mpya za kwao na visima vya mafuta hulipa mshahara kila mwezi. Dubai ilikuwa imefungua Port Rashid mwaka 1972, na bandari ya Qaboos huko Matrah ilifunguliwa 1974. Mikono iliyokuwa ikivuta tanga ilikuwa imepata kazi ya kupakua meli za chuma zilizobeba simiti.

Dalali aliuza kama theluthi ya alichokuwa nacho. Zikabaki korija zinazokaribia 300, yaani miti 6,000, katika viwanja viwili vya kulipiwa kodi.

Hapa ndipo ulipofanyika uamuzi uliomgharimu zaidi, na haukuwa ule wa kupanua. Mpwa alimshauri auze palepale Mombasa. Majengo, Kisauni na Likoni watu walikuwa wakijenga nyumba za udongo kila siku, na nyumba ya udongo haisimami bila miti. Bei ingekuwa ya chini, na mnunuzi angetaka miti 30, si korija 30, lakini fedha zingeingia kila wiki.

"Mjomba, hata tukiuza kwa hasara, kodi ya kiwanja itasimama."

Mzee alikataa. Alikuwa amewaahidi manahodha wawili kwa mdomo kwamba mali yao ipo, na boriti haiozi. Neno hilo, boriti haiozi, Mpwa amelitaja mara nne katika mazungumzo yetu. Ni kweli haiozi. Kodi haiozi pia, wala deni la jamaa wa vitambaa.

Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo mzee hakuitamka. Dalali wa manahodha hupiga kahawa na wageni wa bahari. Muuza miti ya rejareja husimama juani akibishana na fundi kuhusu fito mbili zilizopinda.

## Barua

Kaskazi ya 1975–76 alikuja nahodha mmoja tu kati ya wale wawili. Wa pili alituma barua kwa mkono wa msafiri, na ndani yake fedha zote alizokuwa akidaiwa, zimefungwa kwa karatasi iliyoandikwa hesabu mstari kwa mstari. Alisema chombo amekiuza. Amepata kazi ya ofisini katika bandari ya kwao, na wanawe hawataki bahari. Alimwombea Dalali heri na kumwomba radhi kwa boriti alizomwekesha.

Huyu mtu angeweza kunyamaza. Hakuna mahakama ambayo ingemfuata kutoka Mombasa. Nikisikia mali kauli ikiitwa biashara ya kijinga, ukurasa huo ndio unaonijia, na mstari wake uliokatwa kwa wino mwekundu mwaka 1976.

Barua ile ilimvunja mzee kwa siku kadhaa, kisha ikamfungua. Alimwita Mpwa akamkabidhi ufunguo wa kiwanja cha pili. Uza, akamwambia, lakini usiweke kibao.

## Waliolipia bila kukopa

Kuna jambo ambalo familia hailipendi, na nimeruhusiwa kuliandika kwa sharti nisizidishe. Makundi matatu ya wakata boriti yalikuwa yamepewa arbuni. Kazi yao ni ngumu. Hukaa kambini wiki kadhaa, maji ya kunywa huja kwa chombo, na hukata wakipima bamvua, ili maji makubwa yawasaidie kuitoa miti horini. Dalali alipoona soko limekufa angepaswa kuwapelekea habari waache. Hakupeleka. Alingoja kuona kama kaskazi itageuka, na wao wakaendelea kukata.

Jahazi la Lamu lilipofika Mombasa limejaa, aliwalipa nusu ya bei waliyoahidiana. Kiongozi wao hakugomba. Alihesabu fedha, akazitia kwenye kikunjo cha kikoi, akasema, "Haya, sheikh. Mara nyingine tutajua." Makundi mawili hayakumkatia mti tena. Wale manahodha wa ng'ambo aliwatunzia neno lake mpaka likamtia deni. Watu wa pwani yake mwenyewe neno hilohilo aliwavunjia.

## Rejareja, mpaka uliofungwa, na mabati

Mpwa alianza na mkokoteni mmoja. Alikata boriti nene ili zitoe vipande vya nguzo za nyumba za udongo, kazi ambayo mzee hakutaka kuiona, na alijuta kwamba stoo nzima ilikuwa ya unene mmoja. Mafundi walitaka fito na pau zaidi. Ilimbidi anunue fito kwa wengine ili apate kuuza boriti zake, maana fundi hupenda kumaliza shida zake mahali pamoja. Kwenye fito hakupata faida yoyote kwa mwaka mzima.

Alijaribu pia mkono wa pili: kuleta ng'onda, yaani samaki wakavu, na nazi kutoka Pemba kwa jahazi. Ulikwenda vizuri kwa msimu mmoja. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena mpaka 1983. Mkono huo ukakatika. Sina la kumlaumu hapo. Bahati ni kwamba alikuwa ametia kidogo, kwa sababu mzee, aliyekwisha kuungua, alikataa kumwongezea.

Mwaka huohuo wapiga mbizi walianza kutoa mabaki ya meli ya Kireno iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697. Watu walisimama ukutani kutazama. Mpwa anasema mjomba wake alikwenda mara moja, akarudi akasema amechoka na vyombo visivyotembea.

Kufikia 1978 yadi ilikuwa na chokaa, makuti na misumari, kisha simiti ya Bamburi, kisha mabati. Deni la mwisho la jamaa wa vitambaa lililipwa wiki chache kabla Mzee Kenyatta hajafariki hapahapa Mombasa, Agosti 22, 1978. Familia hukumbuka tarehe hivyo. Dhahabu ilikombolewa, isipokuwa bangili moja iliyouzwa 1976 kulipa kodi ya kiwanja. Boriti za mwisho za ule ununuzi wa 1974 zilitoka 1979, zikiwa kavu, nzuri, hazina tundu la mdudu, kwa bei ambayo haikufika nusu ya ile ya kaskazi ya fedha nyingi. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na mikono ya Dalali ilikuwa imekwisha kutoka humo.

## Ninavyokisoma kisa hiki

Dalali alitazama bei, akadhani amemtazama mteja. Bei ya 1974 ilikuwa ya kweli, lakini ilitokana na mafuta yaleyale yaliyokuwa yakimwondoa baharia chomboni na kumpa mjenzi simiti. Mteja wake hakuwa mjenzi wa Ghuba. Mteja wake alikuwa nahodha, na nahodha hununua boriti kama anao watu wa kuzisafirisha na sababu ya kurudi. Dalili za hilo zilikuwa tatu, na zote zilipita mbele yake: picha ya Maskati, umri wa mabaharia, na chombo chenye mashine. Hakuna iliyohitaji takwimu. Ziliwajia mkewe na kijana wa mashuani, na katika nyumba ile hao wawili hawakuwa watu wa kuulizwa habari za soko.

Kupanua peke yake nisingekuita kosa kubwa. Angeweza kupanua kwa kundi moja la ziada, kwa fedha yake mwenyewe, na kwa unene wa mchanganyiko unaouzika Mombasa. Kilichofunga mlango wa kutokea ni yale maagizo ya unene mmoja. Mali inayoweza kuuzwa kwa watu wa aina moja tu haifai kununuliwa kwa fedha ya rehani, hata kama bei inapendeza namna gani.

Kungoja kwa mwaka mzima kulimgharimu kuliko kupanua. Nimejumlisha kutoka daftarini: kodi ya viwanja viwili kati ya kusi cha 1975 na kusi cha 1976 inapita hasara ambayo angepata kama angeuza rejareja tangu siku ile Mpwa aliposema. Aliogopa hasara inayoonekana akalipa isiyoonekana. Haya ya kusimama juani ilichangia, naamini hivyo, ingawa Mpwa hakubaliani nami.

Kilichomwokoa ni vitu viwili vya kale. Wadeni wake wa ng'ambo walilipa, kwa kuwa jina lao lilikuwa na thamani kuliko fedha hizo, na daftari ilionyesha nani anadaiwa nini bila ubishi. Na aliweza kumkabidhi ufunguo mtu mdogo kwake bila kumwekea masharti mengi. Wazee wengi wa biashara za namna hii walikufa na ufunguo mfukoni.

Kuhusu wakata boriti sina hoja ya kibiashara ya kumtetea. Ukitoa arbuni, habari mbaya ni sehemu ya deni lako. Angewatumia mtu na barua kwa jahazi la kwanza, wangepoteza wiki mbili. Walipoteza msimu.

Daftari ya pili ina ukurasa mmoja ambao haujakatwa. Ni amana ya nahodha aliyeonekana mara ya mwisho kusi cha 1974. Aliacha fedha, akasema atazichukua akirudi, na hakurudi wala hakutuma mtu. Dalali aliulizia kwa kila chombo kilichoingia hadi vikaisha. Baada ya kufa kwake Mpwa aliuliza kwa jamaa wa Maskati, halafu akamwuliza kadhi afanye nini. Fedha zenyewe leo hazinunui hata gunia la simiti. Ameziweka mbali na zake, ndani ya bahasha, na kwenye bahasha amenakili jina la nahodha, jina la chombo, na kiasi, kama vilivyoandikwa na mjomba wake.